Wynelle Alisema wa Mwisho

Kwetu Harlow Mills, mji mdogo wa Georgia, Marekani, mtu hamwambii mwenzake neno baya usoni. Afadhali afe. Ukimkaribisha mgeni ukamwekea kuku aliyeungua, atamla, atalamba vidole, atakuomba umfundishe unavyompika, halafu akishaingia kwenye gari atamwambia mumewe asimame njiani wanunue hambaga. Sisengenyi. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo hivyo. Mama alinifundisha kusema "nzuri sana" kabla hajanifundisha kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana Wynelle Stroud alikuwa mtu wa ajabu kwetu, na ndiyo maana nataka kumsimulia sasa hivi, kabla watu hawajamaliza kumgeuza malaika. Wameshaanza.

Jina langu Jerlene Crumley. Nilifanya naye kazi katika jiko la shule ya msingi miaka ishirini na sita, yeye kwenye masufuria, mimi kwenye meza ya kugawa. Malaika hakuwa. Alivuta sigara nyuma ya pipa la taka, Jumatatu alinuna mpaka saa sita, na ukimwazima kitabu alikirudisha kina siagi. Lakini alikuwa na masikio. Weee! Masikio kama yale sijayaona tena na sitayaona.

Aliyapata kiwandani. Wakati huo kiwanda cha nguo bado kipo, na kila msichana akitimiza miaka kumi na minane aliingia huko kama anavyoingia kanisani. Mitambo mia mbili ya kufumia ikinguruma katika ukumbi mmoja, sisi wengine tunaziba masikio kwa pamba, yeye anasimama katikati na kuinua kidole. "Ule wa pale, safu ya nne. Haufiki mchana."

"We mtoto, usinifundishe kazi," fundi anamwambia.

Kabla ya kengele ya chakula ule mtambo unakata nyuzi. Baada ya mwaka mmoja fundi aliacha kubisha, akawa anamfuata yeye asubuhi na kumuuliza leo ni upi. Nilimuuliza mwenyewe anawezaje kuusikia mmoja kati ya mia mbili. Akaniambia kila mtambo una mwendo wake, na ule umeruka hatua. Basi. Aliona ni jambo la kawaida, kama kujua mtoto wako analia.

Kiwanda kikafungwa. Mumewe, Buell, dereva wa lori, alifariki mapema. Binti yake mmoja akaolewa Ohio, akawa anapiga simu Jumapili. Wynelle akaja jikoni kwetu, na maisha yake kwa kumtazama tu yalikuwa hayo: maharage, mkate wa mahindi, nyumba ndogo ya mbao, gari kuukuu. Lakini kulikuwa na Samaki wa Tope.

Samaki wa Tope ilikuwa bendi yetu. Ndugu wawili wa familia ya Pruitt: Garland, mkubwa, mrefu, mtu wa maneno machache, fundi wa mashine za kukatia nyasi, huyo ndiye mpiga gita, na Truett, mdogo, mpaka rangi wa nyumba, mdomo haufungwi, huyo alipiga lile besi kubwa la nyuzi linalosimama kama mtu, akalichapa makofi, akaimba, akapiga kelele katikati ya nyimbo mpaka nywele zinakusimama. Ngoma ilipigwa na yeyote waliyempata. Muziki wao ulikuwa rokenroli ya zamani ya babu zetu wa Kusini, wameichanganya na ule muziki wa vijana wa California wanaopanda mawimbi kwa mbao, gita linalia kama limetumbukizwa kwenye tangi la maji. Na sisi bahari iko mwendo wa saa tano kwa gari! Truett aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na tatu, akarudi akasema ni kubwa kuliko inavyohitajika.

Walipotoa albamu ya kwanza, mwenye ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu aliwapa spika zake, wakaita mji mzima Jumapili baada ya ibada waisikilize. Ikachezwa yote. Kisha mtu mmoja mmoja akainuka kutoa maoni. "Nzuri sana, vijana." "Imenigusa." Ndugu Hoyt, mchungaji wetu wa Baptisti, akasema Mungu amewapa vipaji na anaomba wavitumie vizuri, ambayo kwetu maana yake ni waache mara moja. Wa mwisho akainuka Wynelle, sigara iko mdomoni haijawashwa.

"Wimbo wa tatu mbaya," akasema.

Mungu wangu. Nilitamani sakafu ipasuke. Mama yake Garland alishika mkufu shingoni. Truett akauliza, "Mbaya vipi?"

"Ngoma inamburuta mwenye gita kama mtoto anayeburutwa dukani. Na wewe hizo kelele unazipiga kwa sababu umesahau ubeti."

Truett akaangua kicheko mpaka akashika magoti. "Kweli tupu! Niliusahau! Garland, si nilikwambia watajua?" Wakarudi, wakaurekodi upya, na huo wimbo ndio redio ziliupenda mpaka Tennessee.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila albamu, siku ya kusikiliza ukumbini, watu wanaleta vyombo vyao vya chakula, tunakula, tunasikiliza, tunasema nzuri sana, kisha Wynelle anasema wa mwisho. Wiki moja kabla, Garland alimpelekea kanda, baadaye sidii. Aliisikiliza ndani ya gari lake nyuma ya shule, vioo vimepandishwa, injini imezimwa, mara tatu, hapungui wala hazidi. Nikamuuliza kwa nini hasikilizi nyumbani amekaa vizuri. "Nyumbani kuna friji," akanijibu. Albamu sita walizitoa namna hiyo. Alizikosoa zote, na zote zilikuwa bora baada ya yeye kuzikosoa, na hata mchungaji alilijua hilo.

Truett alifariki Februari, kwenye kituo cha mafuta huko Tennessee, wakirudi kutoka kupiga. Aliingia kununua karanga za kuchemsha, akatoka nazo, akakaa kwenye ngazi ya gari lao, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mazishini Garland hakulia hata chozi. Alipokea mikono yetu wote, akasema asante, asante, akaenda karakanani kwake akafungua mashine ya mtu.

Oktoba alikuja kwa Wynelle. Mimi nilikuwepo, tumekaa barazani tunamenya maharage. Hakupanda ngazi. Alisimama chini, kofia mkononi, akanyoosha sidii.

"Nimeimaliza," akasema. "Inaitwa *Mawimbi Bila Bahari*. Nimeirekodi Atlanta. Wale watu wanajua kazi yao."

"Nani amepiga besi?" Wynelle akauliza.

"Mtu wa pale. Mzuri." Akaizungusha ile kofia. "Wynelle, sikiliza. Tangu tumzike, kila mtu ananiambia nzuri. Nikikohoa, nzuri. Truett ndiye alikuwa ananiambia. Na wewe. Sasa umebaki wewe. Kama siwezi kupiga bila yeye, niambie nijue, niliweke gita chini. Nitaliweka, sitakulaumu. Lakini usiniongope."

"Nimewahi kukuongopea lini?"

"Bado," akasema, akaenda zake. Kwa Garland hayo yalikuwa maneno ya mwaka mzima.

Wiki hiyo niliona gari la Wynelle nyuma ya shule kila siku ya chakula cha mchana, vioo juu. Ijumaa aliingia jikoni, akaanza kusugua sufuria ambalo lilishasuguliwa. Nikajua.

"Shoga, nakuomba," nikamwambia. "Jumapili sema nzuri, ukae. Mara moja tu katika maisha yako."

"Na akiitoa hivyo ilivyo?"

"Aitoe! Atakufa mtu?"

"Ameniuliza, Jerlene."

"Mtu akiuliza vile hataki jibu. Anataka kushikwa mkono. Mwanamume kafiwa na mdogo wake!"

"Truett angemwambia."

"Wewe si Truett."

Akayaacha maji yatiririke tu bombani. "Hapana," akasema. "Lakini mimi ndiye niliyebaki." Na macho yake yalikuwa mekundu, nami nikajifanya sikuona.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ukuta. Kuku wa kukaanga, bamia, pai za viazi vitamu, chai ya baridi yenye sukari ya kutosha kujenga nyumba. Wynelle alileta makaroni kwenye bakuli lake la kioo, jina lake limebandikwa chini kwa utepe kama tunavyofanya sote. Albamu ikachezwa. Nyimbo kumi na nne. Sijui nikuambieje, ilikuwa safi. Kila sauti imeoshwa. Karibu katikati kulikuwa na wimbo mmoja mfupi, wa tisa, gita peke yake, na wakati huo ndipo akina mama walipita kuongeza chai, kwa hiyo hakuna aliyeusikia vizuri. Mguu wa mtu haukutikisika mwanzo hadi mwisho.

Maoni yakaanza. "Nzuri sana, Garland." "Safi kama maji ya bomba." Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akasema ataisikiliza akiwa safarini. Mama mmoja akasema picha ya jalada imempendeza mno, ile bluu. Ndugu Hoyt akasema Truett yuko mahali anatabasamu. Garland anaitikia kwa kichwa, anaitikia kwa kichwa, lakini macho yake yako kwenye kiti kimoja tu.

Wynelle akainuka. Hakuwa na sigara siku hiyo.

"Garland, hujakosea hata noti moja," akasema. "Na mimi sikukusikia humo ndani. Kila mahali Truett alipokuwa anaingia, wewe umepajaza. Magita matatu, kinanda, wanawake wanaimba aaa. Unakimbia, ndugu yangu. Wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho unakimbia, ili tusigundue kwamba hayupo. Tunajua hayupo. Tulimzika sisi. Uliniuliza kama unaweza kupiga bila yeye. Unaweza. Ila hii siyo. Usiitoe. Kaa nayo kwanza."

Garland alivaa kofia yake ndani ya ukumbi, kitu ambacho mama yake asingekiruhusu, na akasema, "Asante, Bi Wynelle."

Bi Wynelle! Miaka zaidi ya thelathini alimwita Wynelle, jina tupu, kama dada yake. Wynelle aliona ni heri angemtukana. Alikaa pale kitini mpaka watu wote wakaondoka, hakuna aliyemsogelea, na mimi nikiwa mmoja wa wasiomsogelea. Najua. Usinitazame hivyo.

Jumanne akalikuta lile bakuli la makaroni kwenye ngazi zake. Limeoshwa, linang'aa, na halina kitu ndani. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Hata fukara ataweka nyanya mbili, hata kipande cha keki cha jana. Wynelle aliliingiza ndani, akaliweka kabatini, na hakulitumia tena.

Garland aliitoa albamu. Nakwambia, ilipendwa! Huko mbali, yaani. Watu ambao hawajakanyaga Georgia waliandika kwenye mtandao. Mmoja wa Finland akaipa nyota tano, "sauti halisi ya Kusini." Mmoja wa Japani akasema amelia. Garland akazichapa sifa hizo zote kwenye karatasi, akazibandika kwenye dirisha la karakana, upande wa barabara, ambapo Wynelle alipita asubuhi na jioni. Akaajiri mpiga besi, akaenda Ulaya, akarudi, akaenda tena. Kila akirudi alikuwa amepungua. Mjini aliingia dukani akatoka, hasemi na mtu. Wote tulimwambia hongera, na zile hongera zilimteleza kama mvua kwenye bati.

Na Wynelle, miaka miwili, aliendelea kukaa ndani ya gari nyuma ya shule wakati wa chakula cha mchana. Siku moja nikagonga kioo, nikafungua mlango.

"Bado unasikiliza hiyo?"

"Bado."

"Shoga, si uliichukia?"

"Natafuta nilipokosea," akasema. "Huenda nilikosea. Huwezi kumvunja mtu vile halafu usihakikishe."

"Utaozea humo."

"Funga mlango, kelele inaingia."

Machi ya mwaka huu ngozi yake ikawa ya manjano. Saratani ya kongosho. Daktari akasema wiki sita, naye akasema basi hatasafisha oveni. Binti akaja kutoka Ohio. Mimi nilikuwa nakwenda kila siku baada ya kazi, na siku moja, ilikuwa Alhamisi, alinishika kiganja kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Nimekosea mahali pamoja," akasema. "Wa tisa. Ule mfupi. Nilidhani amechoka, kumbe anasubiri. Anapiga, halafu anaacha nafasi, anamsubiri Truett aingie, na haingii, na anaiacha hivyo hivyo. Huo ni mzuri, Jerlene. Ni mzuri kuliko vyote alivyowahi kupiga. Nenda ukamwambie."

"Nitamwambia."

"Mwambie hivi: wa tisa ni mzuri. Nyingine bado. Rudia."

"Wa tisa ni mzuri, nyingine bado."

"Hivyo hivyo. Usiongeze sukari."

Watu husema mjumbe hauawi. Sawa. Lakini mjumbe anaweza kuua, na hilo halisemwi.

Niliondoka pale na maneno yake sahihi kabisa kichwani. Ni mitaa mitatu tu mpaka karakana. Njiani nikaanza kufikiri. Nikafikiri, mwanamke anakufa, anataka wapatane, lakini ulimi wake ndio ule ule. Nyingine bado! Nani anapeleka ujumbe wa kuaga wenye "nyingine bado"? Ataudhika, hatakuja, na Wynelle atakufa na kinyongo. Nikajiambia nitengeneze kidogo tu. Ni hisani. Ndivyo tunavyofanya sisi. Mtu hapeleki mkate ulioungua upande mmoja, anakata ule upande.

Garland alikuwa ameinamia mashine, inanguruma. Nikapaza sauti. "Garland! Wynelle anaumwa. Ni mwisho mwisho."

"Nimesikia," akasema. Hakuinua kichwa, lakini mikono ilisimama.

"Kanituma. Anasema amebadili mawazo. Anasema albamu ni nzuri. Nyimbo zote, mwanzo mpaka mwisho."

Akazima mashine. Akanitazama, na kwa nukta moja niliona mtu aliyekuwa anangoja kitu miaka miwili.

"Wynelle kasema hivyo?"

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote."

Kile kitu kikazimika usoni mwake. Alichukua kitambaa, akajifuta mafuta, kidole kimoja kimoja. "Basi mmoja ananidanganya," akasema. "Wa siku ile ukumbini au huyu wa leo. Na mimi sijui ni yupi. Mwambie nashukuru." Akaiwasha tena mashine.

Ningeweza kusema papo hapo. Mdomo nilikuwa nao. Nikasema, "Haya, Mungu akubariki," nikaondoka.

Niliporudi Wynelle alikuwa macho. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Wa tisa?"

"Wa tisa."

"Akasemaje?"

Unaona? Uongo mmoja hauzai mmoja. "Kafurahi," nikasema. "Atakuja."

Siku nane alimsubiri. Kila asubuhi alitaka nimchane nywele, nimpake rangi kidogo ya mdomo, nimwinue kwenye mito aelekee dirishani. Gari likipita alisikiliza, akasema, "Siyo lake," hata kabla halijafika. Masikio yalikuwa mazima mpaka mwisho. Siku ya tisa hakuomba kuchanwa, na mchana alikata roho.

Garland alikuja kwenye mazishi. Alikuja na gita, spika ndogo, na suti aliyomzikia Truett. Binti yake Wynelle alimwomba apige, hakujua mambo yetu. Akapiga tenzi moja tamu, taratibu, ile inayopigwa kila mazishi. Aliipiga vizuri mno. Akina mama wakatoa leso. Mimi nikatazama lile jeneza nikafikiri, Wynelle angekuwa hai angeshatoka nje kuvuta.

Ibada ilipokwisha tukatoka kusimama kivulini, wakati wabebaji wanajipanga na jeneza bado liko ndani. Garland alikaa kwenye ngazi za kanisa, kasha la gita kati ya miguu, na watu wakampitia mmoja mmoja.

"Nzuri sana, Garland."

"Imenigusa, kaka."

"Wynelle amefurahi huko aliko," Ndugu Hoyt akasema, akamshika bega.

Anaitikia kwa kichwa. Asante. Asante. Na nikaona kila akiitikia, jicho lake linakwenda nyuma ya watu, mwisho wa mstari, kutafuta. Miaka yote hiyo huko mwisho kulikuwa na mtu. Nikatazama nyuma yangu. Wa mwisho kwenye mstari nilikuwa mimi.

Nikafika mbele yake. Ile "nzuri sana" ilishafika kwenye meno.

"Ilikuwaje, Jerlene?" akauliza, kwa adabu tu, tayari anashika mpini wa kasha.

"Mbaya," nikasema.

Pembeni mtu aliguna. Garland aliachia ule mpini.

"Mbaya vipi?"

"Umepiga ya watu walioleta maua. Hukumpigia yeye." Na kwa kuwa nilishaanguka mtoni, nikaona niloe kabisa. "Na nilikudanganya. Wynelle hakusema zote ni nzuri. Alisema wa tisa ni mzuri, nyingine bado. Aliniambia nisiongeze sukari, nikaongeza. Alisema unaacha nafasi Truett aingie, na haingii, na hukuijaza. Alisema hujawahi kupiga kitu kama hicho. Miaka miwili alikuwa anatafuta alipokosea, kwenye gari lake. Kisha alikusubiri siku nane, Garland, kwa sababu nilimwambia utakuja."

"Jerlene!" Ndugu Hoyt akanikemea. "Siyo hapa, siyo leo."

Sikumgeukia. Garland alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani atanipiga. Ningeipokea.

"Wa tisa niliupiga jikoni kwa Truett," akasema polepole. "Siyo Atlanta. Niliweka kinasa sauti mezani. Wale jamaa walitaka kuutoa, wakasema umepwaya. Hakuna hata mmoja aliyeutaja. Finland, Japani, hakuna." Akalia. Mbele ya mji mzima, kwenye ngazi za kanisa, na pua inamtoka, mwanamume wa miaka sabini. "Siku nane," akasema. "Siku nane, na mimi niko mitaa mitatu."

Sikuomba msamaha. Ningeombaje? Nilisimama tu pale na mkoba wangu.

Akainuka, akabeba kasha, akarudi ndani. Wabebaji walikuwa wameshashika vishikio vya jeneza. Akawaambia wangoje, nao wakangoja. Akachomeka waya, akafungua ule mwangwi wa gita lake, ule wa tangi la maji, mpaka vioo vya kanisa vikatetema, akapiga ule wa tisa. Nilimfuata, nikakaa benchi la mbele. Mara mbili aliacha pale mahali patupu, na mara zote mbili palibaki patupu, na safari hii sikutafuta chai wala leso, nilisikiliza. Alipomaliza akanigeukia, anangoja. Nikafikiri kwanza, ndipo nikamjibu, bila sukari.